Kura ya hatifungani ya shule Marekani: namna ya kuisoma, kuipigia hesabu na kuipiga

Kwa Kiswahili chetu, kodi ya nyumba ni ile anayolipwa mwenye nyumba mwisho wa mwezi. Ndiyo maana jirani yangu mmoja, mama mzaliwa wa Uvira aliyekula kiapo cha uraia hapa Texas, alinijia jioni moja na mfano wa karatasi ya kura mkononi. Akaniuliza: "Mwanangu, nikikubali hii, mwenye nyumba atanipandishia?" Kijana wake alikuwa amemtafsiria mstari mmoja ulioandikwa kwa herufi kubwa, na alitafsiri sawasawa: hili ni ongezeko la kodi. Kilichokosekana ni kodi gani, analipa nani, kiasi gani na kwa kazi gani. Tulikaa mezani mpaka saa nne usiku.

Haya ninayoandika yametokana na kikao kile na vingine vilivyofuata, kwenye meza za watu wa Kigoma, Bujumbura, Mombasa na Goma wanaoishi huku. Nitatumia sheria za Texas kwa sababu ndizo ninazozijua vizuri, na kila jimbo lingine linapotofautiana sana nitasema.

Kinachopigiwa kura ni nini hasa

Shule za umma Marekani haziendeshwi na wizara. Zinaendeshwa na wilaya za shule, na Texas peke yake ina zaidi ya 1,000. Kila wilaya ina mipaka yake, bodi yake iliyochaguliwa na wananchi, na mamlaka yake ya kutoza kodi ya majengo na ardhi. Hii ndiyo kodi inayotajwa kwenye karatasi ya kura. Ili tusichanganyikiwe, kuanzia hapa nitaiita kodi ya majengo, kama wanavyoiita Tanzania.

Nyumbani tumezoea njia nyingine. Wananchi wanachanga, wanasimamisha boma hadi usawa wa lenta, halafu wanasubiri halmashauri ipaue. Au serikali kuu inakopa, kama ya Tanzania ilipojenga madarasa 15,000 kwa sehemu ya ule mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3 mwaka 2021. Kenya kuna mfuko wa maendeleo wa jimbo la uchaguzi, NG-CDF. Katika njia zote hizo hakuna anayekuletea karatasi akuulize kama unaukubali mkopo. Texas wilaya ya shule ikitaka kukopa fedha za kujenga kwa deni litakalolipwa kwa kodi yako ya majengo, lazima kwanza ikuulize.

Mkopo wenyewe ni hatifungani. Wakenya wengi husema bondi. Aliyefuatilia hatifungani ya kijani ya Tanga UWASA mwaka 2024 ataelewa haraka: mamlaka ya maji iliuza karatasi za deni zenye thamani ya shilingi bilioni 53.12, za miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5, ili ijenge miundombinu. Wilaya ya shule hufanya hivyohivyo. Inauza karatasi kwa wawekezaji, inapata fedha leo, inalipa polepole kwa miaka 20 au 30. Texas hairuhusu kuvuka 40. Tangu 1983 Mfuko wa Kudumu wa Shule wa jimbo hilo huzidhamini hatifungani nyingi za namna hii, na kwa hiyo riba huwa nafuu. Ila anayelipa ni yuleyule, mwenye jengo ndani ya mipaka ya wilaya.

Jambo moja linawakoroga hata wazawa. Wilaya ina mifuko miwili ambayo haichanganywi. Mmoja ni wa uendeshaji: mishahara, umeme, mafuta ya mabasi. Mwingine ni wa kulipa madeni ya ujenzi. Fedha ya hatifungani haiwezi kumlipa mwalimu hata senti moja. Basi anayekuambia "kubali, walimu waongezwe mshahara" amekosea, na anayekuambia "kataa, kwa sababu wangeweza kuwapa walimu fedha hizo" naye amekosea.

Hatua ya kwanza: hakikisha unaruhusiwa kupiga kura

Hapa sitazunguka. Mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu bila kuwa raia, haruhusiwi kupiga kura hii, hata kama amelipa kodi miaka 10 na ana watoto watano katika shule hizo. Asijiandikishe, asisaini fomu ya kujiandikisha anayopewa mlangoni au kwenye ofisi ya leseni, hata akiambiwa haina neno. Kosa hilo linaweza kumharibia uraia na kumfukuzisha nchini. Mwambie kaka yako, mwambie shemeji yako aliyefika juzi. Yapo mengine anayoruhusiwa kufanya, nayo yana uzito, nitayafikia.

Ukiwa raia wa miaka 18 au zaidi, Texas inataka uwe umejiandikisha siku 30 kabla ya uchaguzi. Fomu inasainiwa kwa mkono na kutumwa kwa posta au kupelekwa ofisini. Ukihama nyumba, sahihisha anwani. Majimbo kama Minnesota, Maine, Iowa na Idaho hukuandikisha siku ileile ya kura ukiwa na vielelezo, lakini Texas ukichelewa umechelewa.

Uchaguzi wenyewe kwa kawaida huwa Mei, Jumamosi ya kwanza, au Novemba, siku ya uchaguzi mkuu. Wa Mei ndio unaowapita watu. Hauna mabango ya wagombea urais, watu wachache hujitokeza, na kura chache huamua deni la miaka 30.

Hatua ya pili: jua uko wilaya gani ya shule

Anwani ya posta hudanganya. Barua zako zinaweza kusema Houston, kumbe uko wilaya ya Alief, Aldine au Spring Branch, ambazo ni wilaya zinazojitegemea kabisa na wilaya ya Houston. Usimfuate rafiki yako wa kanisani au msikitini anayesema "kwetu kuna kura ya shule". Kwake ipo, kwako huenda haipo, au ipo nyingine. Ingia tovuti ya ofisi ya uchaguzi ya kaunti yako, andika jina na tarehe ya kuzaliwa au anwani, na itakutolea mfano wa karatasi ya kura yako. Uchapishe. Usiutunze kwenye simu tu. Sababu utaiona mbele.

Hatua ya tatu: tafuta karatasi tatu

Bodi lazima iwe imeitisha uchaguzi siku 78 kabla, kwa hiyo muda wa kusoma unao. Karatasi unazotafuta ni amri ya uchaguzi, hati ya maelezo kwa mpiga kura, na orodha ya miradi. Amri lazima iwekwe kwenye tovuti ya wilaya siku 21 kabla ya kura, ibandikwe sehemu tatu za umma, na siku za kura ibandikwe kituoni. Hakuna anayeweza kukuambia ni siri.

Ndani yake kalamu yako itafute haya: kiasi kinachoombwa; deni ambalo wilaya tayari inadaiwa, mtaji (yaani kiasi chenyewe kilichokopwa) na riba; kiwango cha sasa cha kodi ya kulipia madeni; mwaka wa mwisho wa kulipa. Hati ya maelezo nayo inaonyesha makadirio ya nyongeza ya kodi kwa mwaka kwa nyumba ya kuishi yenye thamani ya dola 100,000.

Riba isomeni polepole. Mwaka 2011 wilaya ya Poway, California, ilichukua dola milioni 105 kwa aina ya hatifungani ambayo malipo yake yanasubiri miaka 20 ndipo yaanze. Riba ikawa inajizalia riba. Jumla ya kulipwa ikakaribia dola bilioni moja. Watoto walionufaika na majengo yale watakuwa watu wazima wenye nyumba zao, wakilipa deni ambalo hawakuulizwa. California ilibana sheria mwaka 2013 baada ya kisa hicho. Kwa hiyo ukiona mwaka wa mwisho wa malipo uko mbali sana, uliza malipo ya mtaji yanaanza lini. Usiogope kuuliza. Hata mwenye shahada anauliza.

Hatua ya nne: piga hesabu ya nyumba yako, si ya jirani

Ule mstari wa herufi kubwa uliomtisha mama wa Uvira upo kwenye kila kura ya hatifungani ya shule Texas, kwa sheria ya mwaka 2019. Unasema hili ni ongezeko la kodi ya majengo. Lazima uandikwe hata pale wilaya inaposema kiwango cha kodi hakitapanda. Inawezekanaje? Deni la zamani linapokwisha, kiwango kingeweza kushuka. Deni jipya linakishikilia pale pale. Wilaya inasema "hakijapanda", sheria inasema "ulichopaswa kupunguziwa hujapunguziwa". Zote mbili zina ukweli. Na usisahau kwamba kiwango kikibaki kilekile huku thamani ya nyumba ikipanda, bili yako inaweza kupanda vilevile.

Sasa hesabu. Kodi hutajwa kwa senti kwa kila dola 100 za thamani. Chukua nyumba ya dola 250,000 unayoishi mwenyewe. Tangu mwaka wa kodi 2025, Texas inaondoa dola 140,000 katika thamani ya nyumba unayoishi kabla ya kutoza kodi ya shule. Zinabaki 110,000. Hatifungani ikiongeza senti 3, unagawa 110,000 kwa 100, unapata 1,100, unazidisha kwa senti 3: dola 33 kwa mwaka. Ni dola 2 na senti 75 kwa mwezi. Andika namba yako pembeni ya karatasi, kwa kalamu. Ukishaiona ndipo unaweza kusema ni nyingi au ni kidogo.

Lakini punguzo lile haliji lenyewe. Unaliomba kwa fomu kwenye ofisi ya uthamini ya kaunti, bure. Nimekaa na familia iliyobishana jioni nzima juu ya dola 33 za hatifungani, baba akisema kataa na mama akisema kubali. Nilipoomba kuona bili yao ya kodi, nafasi ya punguzo ilikuwa tupu. Walinunua nyumba miaka mitatu nyuma na hawakuwahi kujaza fomu. Kama kiwango chote cha kodi ya shule ni dola 1 kwa kila dola 100, kukosa punguzo la 140,000 ni kutupa dola 1,400 kila mwaka. Baba yule alinyamaza, akaenda kunawa uso. Kwa hiyo kabla hujakasirikia kura, tazama bili yako. Tarehe ya kawaida ya kupeleka fomu ni 30 Aprili, ila sheria inamruhusu aliyechelewa kuomba nyuma kwa hadi miaka miwili. Ukipokea barua ya kampuni inayotaka ulipie ili ikujazie fomu hiyo, itupe.

Wazee wa miaka 65 na zaidi, na wenye ulemavu, wanaondolewa dola 60,000 nyingine juu ya zile, na kodi yao ya shule kwa nyumba wanayoishi inawekewa kikomo isichoweza kuvuka, isipokuwa wakiongeza jengo. Hilo nalo linaombwa. Mzee aliyekwisha kuwekewa kikomo hapaswi kuogopa kwamba hatifungani itamtoa nyumbani.

Na mpangaji? Nilimjibu mama wa Uvira kama ninavyokujibu wewe: bili haitakuja kwako, itakwenda kwa mwenye nyumba, naye hana punguzo la nyumba ya kuishi. Anaweza kuihamishia kwenye kodi ya pango mkataba ukiisha. Unachangia, basi, hata kama jina lako halipo kwenye bili. Una kila haki ya kupiga kura.

Hatua ya tano: soma orodha ya miradi kama fundi

Orodha nzuri inataja shule kwa jina, kazi kwa jina, na makadirio ya gharama. "Kuboresha mazingira ya kujifunzia" si kazi. "Kubadilisha paa na viyoyozi vya jengo la madarasa" ni kazi. Texas mwezi wa nane kiyoyozi si anasa. Darasa lenye watoto 25 likikosa hewa baridi, mwalimu anafundisha watoto waliolaza vichwa mezani. Tazama pia madarasa ya muda, yale mabanda yanayohamishika nyuma ya shule. Mengi yaliletwa kwa mwaka mmoja na yamekaa makumi ya miaka. Je, orodha inayaondoa, na ni shule zipi zinazoanza? Ukikuta shule ya mwanao haipo kabisa, si lazima iwe dhuluma, huenda ilikarabatiwa na hatifungani iliyopita. Uliza.

Sheria ya Texas inataka vitu fulani vipigiwe kura peke yake, visijifiche ndani ya madarasa: uwanja wa michezo wenye viti zaidi ya 1,000, bwawa la kuogelea, ukumbi wa sanaa, nyumba za walimu, na vifaa vya teknolojia kama kompyuta za wanafunzi. Unaweza kukubali kimoja na kukataa kingine. Dallas mwaka 2020 wapiga kura walipitisha majengo na teknolojia, wakakataa viwanja, ukumbi wa sanaa na mabwawa. Kwenye kompyuta mimi huwa mkali: kifaa kinachokufa baada ya miaka mitano kisilipiwe kwa miaka 25. Uliza hatifungani za teknolojia zitalipwa kwa muda gani.

Hatua ya sita: nenda kwenye kikao cha bodi

Hapa ndipo mwenye kadi ya kijani, na hata asiye nayo, anapoingia kwa miguu yake miwili. Huhitaji uraia kuzungumza mbele ya bodi ya shule. Tangu 2019 sheria ya Texas inaitaka bodi imruhusu mwananchi azungumzie jambo lililo kwenye ajenda kabla au wakati linapojadiliwa. Na kuna kifungu ambacho ningependa kila Mswahili akijue: anayezungumza kupitia mkalimani, pasipokuwa na mitambo ya kutafsiri papo kwa papo, lazima apewe angalau muda maradufu. Kama wengine wanapewa dakika 3, wewe una 6. Jiandikishe mapema kama tovuti ya wilaya inavyoelekeza.

Peleka maswali mawili, usipeleke kumi. Shule ya mwanangu iko awamu ya ngapi? Hatifungani iliyopita imekamilisha miradi mingapi, na imebaki fedha kiasi gani? Swali la pili ndilo linalopima uaminifu.

Uaminifu ndio uliozungumzwa Houston Novemba 2024. Wilaya iliomba dola bilioni 4.4, katika vipengele viwili, ikisema kiwango cha kodi hakitapanda. Majengo yalikuwa na shida ya kweli. Hatifungani yao ya mwisho ilikuwa ya 2012. Lakini tangu Juni 2023 jimbo lilikuwa limeiweka kando bodi iliyochaguliwa na kuteua mameneja wake pamoja na mkurugenzi, na wapinzani wakasema bila imani hakuna mkopo. Takriban asilimia 58 walikataa. Nawaheshimu waliokataa na waliokubali, maana wengi wao walikuwa wamesoma. Wanaoniumiza moyo ni wale wa kwetu waliofika kituoni, wakachagua rais, wakaondoka bila kuifikia sehemu ya shule.

Wafanyakazi wa wilaya wanaruhusiwa kukupa taarifa, hawaruhusiwi kutumia fedha au vifaa vya umma kukupigia kampeni. Barua ya shule ikikuambia "piga kura ya ndiyo", hapo mpaka umevukwa.

Hatua ya saba: siku ya kura

Beba kitambulisho chenye picha: leseni, kitambulisho cha jimbo, pasipoti ya Marekani, au cheti cha uraia chenye picha. Beba ule mfano wa karatasi uliouchapisha na kuuandikia. Simu hairuhusiwi kutumika ndani ya futi 100 za vyumba vya kupigia kura, kama mita 30, kwa hiyo maandishi ya kwenye simu hayatakusaidia. Fulana au kofia yenye ujumbe wa kampeni iache nyumbani.

Karatasi za kura za Kiswahili Texas hakuna. Lakini sheria ya taifa ya haki za kupiga kura, kifungu cha 208, inampa asiyeweza kuisoma karatasi haki ya kusaidiwa na mtu anayemtaka mwenyewe: mtoto, jirani, mtu wa kanisani. Asiwe mwajiri wake wala wakala wa mwajiri, wala kiongozi au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Msaidizi ataapa na kujaza fomu, kisha atasoma na kuweka alama anavyoelekezwa. Hana ruhusa ya kushauri. Mshauriane nyumbani, ndani ya kituo mwenye kura ndiye anayesema.

Swali la shule huwa mwishomwisho, baada ya wagombea wote wa ujaji. Endelea kubonyeza mpaka ulione. Kisanduku kilichoandikwa For ni cha kukubali, Against ni cha kukataa. Texas inayopata zaidi ya nusu inapita. Si kila jimbo lina kipimo hicho: California ni asilimia 55 kwa hatifungani nyingi za shule, Iowa na Washington ni 60, na Idaho ni theluthi mbili. Huko Boise, Idaho, kura 660 za ndiyo kati ya 1,000 hazitoshi. Mwenye jamaa Idaho ampigie simu amkumbushe.

Baada ya matokeo

Ikikataliwa, paa linaendelea kuvuja, na wilaya inaweza kurudi na ombi dogo zaidi au lililopangwa upya. Ikipita, fedha hazitoki zote siku moja. Hatifungani huuzwa kwa awamu. California sheria inadai kamati ya wananchi ya kusimamia na ukaguzi wa kila mwaka kwa hatifungani zinazopita kwa kipimo cha asilimia 55. Texas kamati ni hiari, lakini wilaya nyingi zinaunda, na viti vyake mara nyingi hukosa waombaji kutoka jamii zetu. Omba. Fundi seremala aliyejenga nyumba Bukavu anajua paa bovu akiliona, na mkalimani anatafutika. Ukiwa kwenye kamati, fuatilia zaidi nyongeza za mikataba, zile karatasi zinazosema kazi imeongezeka gharama baada ya mkandarasi kuanza. Dai sababu ya kila moja kwa maandishi.

Mama wa Uvira alipiga kura yake. Alichochagua ni chake. Miezi iliyofuata alikwenda kikao cha bodi na binti yake akimtafsiria, akatumia dakika zake zote 6 kuuliza lini viyoyozi vya shule ya mjukuu vitabadilishwa. Waliandika swali lake, wakamtumia jibu lenye mwezi na mwaka. Amelibandika kwenye friji kwa sumaku.